Mizinga kwa mizinga

ZUHURA: Haya wagosi, hamjambo huko mliko, tupo tena hapa Tanga. Leo Mbwana kaja na shavu limevimba kama kameza limau zima, na mimi nimejizuia makusudi tangu asubuhi nimuulize mbele yenu. Kaka, kulikoni?

MBWANA: Nyuki, dada. Jana napita zangu na pikipiki, kikapu kimejaa ndizi mbivu, nikasimama chini ya mwembe nipokee simu, mara paa, mmoja kanidunga shavuni, nikampiga kofi, na hapo ndo nilipoharibu maana sekunde ile ile naona wenzake hao wanashuka kundi zima.

ZUHURA: Ukakimbia?

MBWANA: Niliacha pikipiki, ndizi na kiatu kimoja.

ZUHURA: Khaa! Lakini hizo ndizi zako nazo, mbona ulijitakia. Nyuki akishadunga ule mwiba unabaki kwenye ngozi na kifuko cha sumu kinaendelea kusukuma, na papo hapo inatoka harufu ya kuwaita wengine, sasa kinachonuka mule ni kitu kile kile kinachoifanya ndizi mbivu inukie. Yaani wewe ulikuwa unapiga king'ora mwili mzima.

MBWANA: We unatania.

ZUHURA: Wallahi. Na mwiba usiuminye, kwangua na ukucha haraka utoke.

MBWANA: Basi mi usiku sikulala, uso unawaka moto, nikawa nawaza wale Waingereza wa 1914. Shuleni tuliisikia juu juu, vita vya nyuki, tukacheka tukapita. Jana ndo nimewaonea huruma kabisa.

ZUHURA: Wasimulie watu basi, kuna wasioijua.

MBWANA: Ni hivi. Vita vya Kwanza vya Dunia, Mjerumani ndo anatawala hapa. Novemba 2, 1914, Waingereza wanafika na meli zao, askari kama 8,000, wengi wametolewa India, wametapika njia nzima baharini huko. Mjini hapa Mjerumani alikuwa karibu hana mtu. Kapteni wa manowari badala ya kuingia tu, akamuuliza ofisa wa Kijerumani, eti bandarini kwenu mmetega mabomu?

ZUHURA: Jamani! Umuulize adui?

MBWANA: Adui akasema ndiyo, yapo. Hakukuwa na hata moja! Sasa wakaanza kufagia bahari, wakashushia watu kule Raskazone tunakoenda kuogelea, na wakati huo Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani, anawaleta askari wake kwa treni kutoka Moshi, mpaka mapigano makubwa yanaanza tarehe 4 anao kama 1,000.

ZUHURA: 1,000 kwa 8,000.

MBWANA: Na kwenye miti kulikuwa na mizinga ya nyuki. Risasi zikaipasua, nyuki wakawashukia Waingereza. Yaani watu wamekuja na mizinga wakakuta mizinga!

ZUHURA: Hahaha, hapo umeniweza.

MBWANA: Tarehe 5 wanapanda meli wanaondoka, wameacha bunduki mamia, bombomu 16, zile bunduki za kumimina risasi mfululizo, na risasi kama 600,000. Waja leo waondoka leo, si ndo sisi?

ZUHURA: Ila tuseme haki, nyuki hawakuwa wa Mjerumani. Waliwadunga na wa kwake pia, wapiga bombomu wake wengine walikimbia vile vile kama wewe. Magazeti ya Uingereza yakaja kudai eti ulikuwa mtego wa nyuki umepangwa. Mtu ukishindwa na mdudu lazima utafute pa kuficha uso.

MBWANA: Australia nao 1932 walipeleka wanajeshi na bombomu mbili kwenda kupigana na emu, yule ndege jamaa yake mbuni, alikuwa anamaliza ngano ya wakulima. Wanajeshi wakarudi, emu wakabaki.

ZUHURA: Aibu hiyo! Mi langu ni samaki. Hapa hapa kwetu kuanzia 2003 wavuvi wa jarife, ule wavu wa kutega samaki wakubwa, wakawa wanavuta silikanti, dubwana la samaki lina mapezi yamenona kama miguu, magamba magumu, na wataalamu walishaamini alitoweka zamani pamoja na dinosauri mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini 1938. Sasa fikiria wewe umekesha baharini unataka changu, unavuta wavu kwa nguvu zote, unatoka na mzee wa miaka yote hiyo, na nyama yake mafuta matupu, haifai hata kwa mchuzi.

MBWANA: Hasara! Mi ningelia.

ZUHURA: Serikali ikaja kumtengea hifadhi yake, 2009. Mvuvi kapata story, si kitoweo. Haya, pikipiki ulirudishiwa?

MBWANA: Vijana wa kijiweni waliifuata usiku.

ZUHURA: Na ndizi?

MBWANA: Wamekula, wameniletea kikapu.

ZUHURA: Kiatu je?

MBWANA: Kipo pale pale chini ya mwembe, nimekiona leo napita mbali. Unaweza kunifuatia, dada?

ZUHURA: Mguu gani?

MBWANA: Wa kulia.

ZUHURA: Basi zoea kuchechemea, kaka.