Tazama Mguu, Acha Rangi: Kumtambua Mbung'o wa Pwani
(Mhadhara kwa maafisa mifugo, Tanga)

Wengine hapa mmeshanisikia nikililalamikia jambo hili hadi mmechoka. Basi chokeni tena leo. Taarifa za mitego bado zinaletwa zimeandikwa "mbung'o wa kahawia, wakubwa kiasi". Kahawia gani? Aliyetoka leo kwenye pupa (ganda la buu) mwili ni laini na rangi haijakolea. Aliyeshiba damu tumbo limevimba, na mistari yake imetanuka. Aliyelala kwenye spiriti mwezi mzima amechujuka. Nzi ni yuleyule, taarifa tatu!

Kwanza hakikisha ni mbung'o. Akitua, mabawa hulaliana mgongoni kama mkasi uliofungwa. Wa mtegoni amekwisha kufa, mabawa yako ovyo, kwa hiyo shika lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 utafute katikati ya bawa kile chumba chenye umbo la shoka: mpini kuelekea shina la bawa, ubapa kuelekea nchani. Bawa limechanika? Nenda mdomoni. Mbung'o ana vipapasi viwili, vijiti vya kando ya mdomo, virefu sawa na mkonga, vinaukumbatia. Nzi wa zizi naye ana mkonga uliochongoka mbele, ndiye anayewadanganya, lakini vipapasi vyake ni vifupi mno.

Najua kuna atakayesema: akimuuma ng'ombe, jina la nini? Nzi wa zizi huzaliana kwenye samadi na nyasi zilizooza, na dawa yake ya kwanza ni reki na toroli. Mbung'o hatagi mayai. Jike hulea buu mmoja tumboni, humzaa akiwa amekomaa, na buu hujichimbia udongoni kivulini. Lifagie zizi mpaka ling'ae, yeye hana habari.

Sasa mguu, na hapa sina haraka. Mlaze nzi ubavu juu ya karatasi nyeupe, mwanga utoke pembeni, mguu unyooshwe kwa kibanio. Unyayo una vipingili vitano. Hesabu kuanzia kile kirefu kinachoungana na ugoko. Anza na mguu wa nyuma, upande wa juu. Viwili vya mwisho vyeusi, vitatu vya mwanzo vimepauka: kundi la morsitans (kundi ni ukoo wa aina kadhaa za mbung'o). Vyote vitano vyeusi: kundi la palpalis, wa Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika. Ukimwona huyo Tanga, usipige simu wizarani. Kausha mguu kwanza, maana mguu uliolowa huonekana mweusi wote.

Kisha miguu ya mbele na ya kati. Vipingili viwili vya mwisho vikiwa na ncha nyeusi zilizokatika waziwazi, huyo ni Glossina morsitans, wa pori la miyombo (Glossina ni jina la kisayansi la mbung'o). Ncha hizo zisipokuwepo, ni Glossina pallidipes, wa vichaka. Watu hutazama mguu mmoja, wanaandika jina, wanafunga daftari. Mguu wa nyuma unakupa kundi tu! Na mguu ukikatika, andika "kundi la morsitans" uishie hapo. Kubahatisha si utambuzi.

Glossina brevipalpis hahitaji hesabu hiyo: ni mkubwa, milimita 11 hivi au zaidi bila mkonga, na mishipa ya katikati ya bawa ina madoa meusi. Hutoka alfajiri na magharibi, hivyo anayekagua mchana tu hamwoni.

Glossina austeni ni mdogo, tumbo jekundu-kahawia (ndiyo, rangi, lakini pamoja na udogo wake). Mitego ya kitambaa humkosa. Anataka vibao vya gundi. Ndiye aliyemalizwa Unguja kwa madume tasa waliozalishwa hapahapa Tanga, kazi ya 1994 hadi 1997. Gundi hung'oa miguu, kwa hiyo ilainishe kwa mafuta ya taa kabla ya kumbandua nzi.

Siafu: pakeni grisi kwenye nguzo ya mtego, la sivyo mtakuta mabawa matupu.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Vibanio vya uzazi vya madume tunaviruka: kundi la morsitans vimeunganishwa na utando, kundi la fusca (la brevipalpis) viko huru, mengine mtauliza. Sahani za nzi wa kutambua ziko mezani, lenzi moja kwa watu wawili. Nzi wa zizi nimewachanganya humo makusudi.