Hilo Jua la Dar, la Kwetu Lile Pale

Assalamu aleikum ndugu zangu, hamjambo? Hamjambo Kigoma, hamjambo Ujiji, hamjambo nyote mnaonitazama. Leo nimepanda kilima. Hapa ni Greenwich, kusini-mashariki mwa London. Nyuma yangu mnaona jengo la matofali, juu yake kamnara, juu ya kamnara mlingoti, na kwenye mlingoti mpira mwekundu mkubwa. Huo mpira tutaurudia. Ni Desemba, baridi inakata masikio, na kwa saa za hapa inakaribia saa saba mchana. Kwenu inakaribia saa kumi.

Nimekuja kwa sababu ya maneno ya marehemu bibi yangu.

Nilikuwa na miaka minane au tisa, mwaka wangu wa kwanza kufunga Ramadhani nzima. Tumekaa barazani Ujiji, tende kwenye sahani, uji umefunikwa, redio imewashwa. Redio ikapiga adhana ya magharibi. Nikanyoosha mkono. Bibi akaudaka kabla haujafika kwenye tende. "Hilo jua la Dar," akasema. "La kwetu lile pale." Akaonyesha ziwani. Na kweli, jua lilikuwa bado limekaa juu ya milima ya Kongo, jekundu, halina haraka na mtu.

Tulisubiri karibu dakika arobaini. Mimi nililia. Bibi hakunibembeleza wala hakunigombeza, alikaa tu na tasbihi yake akilitazama jua hadi likazama, ndipo akanipa tende kwa mkono wake mwenyewe.

Miaka mingi baadaye nilikaa na ramani nikafanya hesabu. Dunia inajizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kila saa, digrii moja kila dakika 4. Dar es Salaam iko longitudo 39 na kitu, Kigoma iko 29 na nusu hivi. Kati yao kuna karibu digrii 10, na digrii hizo ni dakika 39. Bibi hakuwahi kuona ramani ya longitudo, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Kuna jambo lingine lililonishangaza zaidi. Saa ya Tanzania iko saa 3 mbele ya hapa nilipo. Saa 3 mara digrii 15 ni 45. Kwa hiyo saa yetu ni saa ya jua la longitudo 45, na mstari huo haugusi Tanzania hata kidogo. Unapita huko karibu na Mogadishu, unashuka baharini. Saa sita kamili mchana ya redio, jua la Dar halijafika utosini, linahitaji kama dakika 23 zaidi. La Kigoma linafika karibu saa saba. Ndiyo maana adhuhuri ya kwetu inaadhiniwa saa saba. Hata watu wa Dar, ndugu zangu, wanaishi kwa jua la watu wengine.

Basi hili jua linalopimia majua yote ndilo nimekuja kulitafuta. Sogeeni mwone. Huu mstari wa chuma kwenye sakafu ndio meridiani ya Greenwich, yaani mstari wa longitudo sifuri. Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, Marekani, wakakubaliana longitudo za dunia zianze kuhesabiwa hapa. Nchi 22 zilisema ndiyo, moja ikakataa, na Ufaransa na Brazili hazikupiga kura. Kutoka Afrika nzima ilikuwako Liberia peke yake. Na sababu ya kuchagua hapa haikuwa mbinguni wala ardhini. Ni kwamba sehemu kubwa ya meli za dunia tayari zilikuwa zinatumia ramani za baharini zilizohesabiwa kutoka Greenwich. Ilikuwa rahisi kwa wafanyabiashara, basi.

Sasa tazameni simu yangu. Nimesimama juu ya mstari wenyewe, lakini simu haisomi sifuri. Ili isome sifuri inabidi nitembee mita 102 kuelekea mashariki, kule bustanini, ambako hakuna mstari wala mtalii anayepiga picha. Wapimaji wa zamani walipata wima kwa kufuata mvutano wa ardhi ya hapahapa, na mvutano huo hauelekei sawasawa katikati ya dunia. Setilaiti zinapima kwa kitovu cha dunia nzima. Kwa hiyo sifuri ya watu wote imehama, na mstari wanaopigia picha umebaki.

Niliposoma zaidi nikagundua kwamba hata jua la hapa silo linaloongoza saa ya hapa. Jua la kweli haliendi kwa hatua sawa mwaka mzima, kwa sababu njia ya dunia kulizunguka si duara kamili na mhimili wake umelala. Mwanzoni mwa Novemba jua linaitangulia saa kwa dakika 16. Katikati ya Februari linachelewa dakika 14. Ni siku nne tu kwa mwaka ambazo jua na saa vinapatana. Wataalamu wakaamua kubuni jua la wastani, jua la kwenye makaratasi linalotembea kwa mwendo mmoja, na hilo ndilo likawa saa ya dunia. Nilipolielewa hilo nilimkumbuka bibi. Najua angeuliza: hilo nalo ni jua la nani?

Msidhani Waingereza wenyewe waliipokea saa moja kwa furaha. Zamani kila mji ulikuwa na saa yake. Bristol, magharibi mwa nchi, ilikuwa nyuma ya London kwa dakika 10. Reli zilipokuja miaka ya 1840 haikuwezekana tena, kwa sababu treni haiwezi kuwa na ratiba ya kila stesheni na jua lake. Bristol, kwenye jengo la zamani la soko la nafaka, pana saa ambayo hadi leo ina mikono miwili ya dakika, mmoja wa London, mmoja wa Bristol. Sheria ya kuifanya saa ya Greenwich kuwa saa ya nchi nzima ilikuja 1880. Niliposimama mbele ya ile saa nilisikia uchungu kidogo, nawaambia ukweli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na stesheni yetu ni nzuri kuliko nyingi nilizoziona huku, lakini hatukuweka mkono wa pili kwenye saa yoyote. Mkono wetu wa pili alikuwa bibi.

Na kuna hili la saa ya Kiswahili. Hapa kazini wenzangu wakinisikia nasema kwenye simu "saa mbili" na ukutani ni saa nane yao, wanadhani nimepinduka. Najitahidi kuwaeleza. Siku ya Kiyuropa inaanza usiku wa manane, wakati hakuna kinachoanza, watu wamelala. Hesabu yetu ya mchana inaanza kunapokucha, unahesabu saa ya kwanza ya mchana, ya pili, ya tatu. Ni hesabu ya mtu anayetoka nje akatazama. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mchana na usiku wetu karibu unalingana mwaka mzima, hesabu inasimama. Hapa isingesimama. Desemba kama hii jua linachomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, mchana haufiki saa 8. Juni mchana unapita saa 16. Watu wa nchi ya namna hii wakishika saa isiyofuata jua nawaelewa. Sisi jua letu lilikuwa mwaminifu, tukaliamini.

Lakini mpaka hapa nimesema tu kuhusu kupima. Chenyewe kinachopimwa ni nini?

Nimejifunza kwamba aliyeliuliza swali hili kwa uchungu kuliko wengi alikuwa Mwafrika: Agostino, askofu na mwanafalsafa, mzaliwa wa Thagaste, mji ulio Algeria ya leo, aliyeishi miaka zaidi ya 1,600 iliyopita. Alisema asipoulizwa wakati ni nini, anajua. Akiulizwa aeleze, hajui. Hoja yake ni hii: yaliyopita hayapo tena, yajayo hayajakuwapo, na sasa haina upana, ukiitaja imekwenda. Basi mtu anapima nini anaposema "muda mrefu"? Jibu lake lilikuwa kwamba tunapima ndani ya nafsi. Kilichopita kipo kama kumbukumbu, kijacho kipo kama matarajio, na moyo unanyooshwa kati ya viwili hivyo. Nilipolisoma hilo nikaiona baraza yetu, tende, na dakika arobaini. Zilikuwa ndefu kwa sababu moyo wangu wote ulikuwa umenyooshwa kwenye sahani. Kwa bibi hazikuwa ndefu. Saa ya ukutani ingetupa sote wawili namba ileile.

Kiswahili kinalijua jambo hili. Tunasema muda, na muda unahesabika, miezi mitatu, dakika tano. Tunasema wakati, na wakati haujazwi kwa kuhesabu, unafika. Wakati wa mavuno. Wakati wake umefika. Ndivyo tunavyosema kwa mtu anayekata roho.

Bibi alifariki mwezi wa Juni. Mimi nilikuwa hapa London. Mama aliponipigia aliniambia, "Mwanangu, bibi yako ametutoka, adhuhuri imekwisha kuadhiniwa." Mjomba akasema saa saba na robo. Kiangazi saa za hapa wanazisogeza mbele, kwa hiyo tofauti yetu inakuwa saa 2, si 3. Nikahesabu: hapa ilikuwa saa tano na robo asubuhi. Nilikuwa kwenye basi, ghorofa ya juu, natazama dirishani. Nimeitafuta ile dakika kwa miezi. Nilikuwa nawaza nini? Nilijua nini? Sikujua chochote. Bibi hayupo na mimi natazama maduka.

Nikaenda hadi kwa Einstein nikitafuta faraja. Mwaka 1905 alionyesha kwamba hakuna "sasa" moja ya ulimwengu mzima. Matukio mawili yanayotokea pamoja kwa mtu mmoja, kwa mwingine aliye katika mwendo hayatokei pamoja. Baadaye akaonyesha kwamba hata uzito wa dunia unapunguza kasi ya wakati. Saa ikiwekwa kileleni Kilimanjaro, ikilinganishwa na iliyo ufukweni Tanga, inatangulia kila siku kwa kama sehemu 55 za bilioni za sekunde. Si hitilafu ya saa. Kule juu wakati wenyewe unakwenda hivyo. Kati ya basi langu na kitanda cha bibi tofauti ya namna hii ni ndogo isiyohesabika, sijidanganyi. Lakini nilitulia kujua kwamba ile dakika niliyokuwa naitafuta kama kitu kilichoanguka, haikuwa kitu. Ilikuwa makubaliano ya saa mbili, moja ya Ujiji na moja ya hapa, zote mbili zimetolewa kwenye kilima hiki.

Aliyenisaidia zaidi alikuwa Mkenya, Profesa John Mbiti, mtu wa Kitui aliyefundisha Makerere na kumalizia maisha yake Uswisi, ughaibuni kama mimi, hadi 2019. Alipotaka kueleza wakati kwa fikra za Kiafrika aliacha maneno ya Kizungu akatumia mawili ya kwetu: Sasa na Zamani. Alisema aliyekufa haendi Zamani siku ileile. Anabaki katika Sasa maadamu yupo hai anayemkumbuka kwa jina. Alisema pia kwamba Waafrika hawakuwa na wakati ujao wa mbali, na wasomi wengi wa Afrika walimpinga. Mimi nami simkubalii hapo. Bibi alipanda mwembe uani akiwa na miaka zaidi ya sitini, akasema ni wa vitukuu. Lakini lile la jina nimelishika. Nyumbani bado tunamtaja. Kwa hesabu ya Mbiti, hajatoka.

Haya, tazameni mpira, unapanda. Saa saba kasoro dakika tano unafika nusu ya mlingoti, kasoro mbili unafika juu, saa saba kamili unaanguka. Umefanya hivyo tangu 1833, ili mabaharia walioko mtoni Thames warekebishe saa zao kabla ya kwenda mbali. Siku hizi hakuna baharia anayeutazama. Sekunde inapimwa kwa atomu za metali iitwayo sizi (caesium), mitetemo 9,192,631,770 kwa kila sekunde moja, na mpira umebaki kwa ajili ya sisi tunaopenda kutazama.

Umefika juu. Ngojeni.

Umeanguka. Saa saba.

Nimempigia mama, yuko hapa kwenye spika. Mama, shikamoo. Nakuuliza kitu kimoja, usitazame saa. Jua liko wapi?

"Marahaba mwanangu. Liko upande wa ziwa, bado juu. Alasiri haijaadhiniwa. Kivuli cha mwembe wa bibi yako hakijafika kizingitini."