Kabla Gari Halijaja Kuwachukua

Ndugu wanafunzi, na walimu wenzangu mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Wiki ijayo mnafunga mabegi kwenda fildi, yaani mafunzo ya afya kwa vitendo vijijini, kila kundi na kijiji chake, kwa wiki nane. Nimeombwa nizungumze juu ya faida ya mafunzo haya kwenu. Mniwie radhi, nitazungumza zaidi juu ya faida yake kwa wale mnaowaendea.

Nianze na mwanafunzi mmoja. Mwaka 1957 Jack Geiger, Mmarekani aliyekuwa akimalizia masomo ya udaktari, alisafiri hadi Afrika Kusini kujifunza kwa Sidney na Emily Kark. Hawa walikuwa mtu na mkewe, wote madaktari, na mwaka 1940 walikuwa wameanzisha kituo cha afya huko Pholela, vijijini Natal. Wagonjwa walitibiwa pale kama kwingine kote, lakini kazi haikuishia kwa aliyefika mlangoni. Wahudumu walipita nyumba kwa nyumba, wakaandika nani anaishi wapi, watoto wanakula nini, maji yanatoka wapi. Utapiamlo ulipoonekana umeenea, watu wakahimizwa kulima bustani za mboga.

Geiger alikaa miezi michache tu. Miaka 10 baadaye, 1967, kikafunguliwa kituo cha afya Mound Bayou, jimbo la Mississippi huko Marekani, kwa ajili ya familia maskini za Weusi, naye akiwa mmoja wa waasisi wake. Walichimba visima, wakajenga vyoo, wakasaidia kuunda ushirika wa kilimo. Familia yenye mtoto mwenye utapiamlo iliandikiwa chakula na daktari, kama vile inavyoandikwa dawa, na gharama ikatoka kwenye fungu la dawa. Mizizi ya yote hayo iko Pholela.

Ni habari ninayoipenda mno. Hata hivyo kila ninapoisimulia, hujiuliza: watu wa Pholela waliomfungulia milango yao kijana yule walipata nini? Mississippi ilinufaika. Na ninyi, wengi wenu hamtakuja kuanzisha kituo cha afya popote. Basi faida ya kijiji haiwezi kusubiri mpaka muwe wakubwa. Lazima ipatikane ndani ya wiki nane hizo hizo.

Mwanafunzi ana nini cha kutoa? Utaalamu bado, tuseme ukweli. Ana muda na miguu, na ana mikono ya kusaidia kazi ambayo mhudumu wa zahanati haimalizi kwa kuwa yuko peke yake: kupima watoto, kuhesabu kaya, kuandika daftari vizuri. Kazi hizi zinaonekana ndogo. Ngoja niwaonyeshe moja.

Mnaujua utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Mkono wa kushoto, umeachiwa uning'inie, katikati ya bega na kiwiko. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kutoka hapo hadi chini ya 12.5 ni njano, utapiamlo wa kadiri. Kuanzia hapo ni kijani, yuko salama. Mwaka mmoja nilikuwa nimesimama kando ya mwanafunzi wangu akipima, na alikuwa akiuvuta utepe mpaka ngozi inafanya mkunjo. Mimi sikuona. Aliyeona ni mama mmoja, mhudumu wa afya ya jamii, hana cheti cha chuo chochote. Akamshika mkono taratibu, akaulegeza utepe. "Mwanangu, usimkabe. Uguse ngozi tu." Mtoto aliyekuwa njano akasoma kijani. Tulirudia watoto wote 11 waliokwisha kupimwa asubuhi ile. Milimita tatu zinatosha kumtisha mama bure, na utepe uliolegea kupita kiasi unamrudisha nyumbani mtoto aliyepaswa kutibiwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mkifika, muulizeni mhudumu wa jamii awafundishe kwanza, kabla hamjafungua mabegi.

Sasa neno kwa walimu. Meksiko iliwawekea wanafunzi wa udaktari sharti la kutumikia jamii tangu 1936, na vijiji vingi vilipata huduma kwa njia hiyo. Lakini huko pia mwanafunzi amejikuta mara nyingi akiwa ndiye daktari pekee wa kijiji. Hilo silikubali. Mwanafunzi asitumwe kuziba pengo la mwajiriwa ambaye hakuajiriwa. Mgonjwa wa kijijini ana haki ya mtu aliyehitimu, na mwanafunzi ana haki ya msimamizi. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2010 na 2021, linahimiza wanafunzi wa afya wafunzwe vijijini ili baadaye wavutike kufanya kazi huko. Akiachwa peke yake usiku na mama anayetokwa damu, kijana huyo harudi tena.

La mwisho linanihusu mimi, na si jepesi kulisema. Nilipokuwa mwanafunzi nilizunguka kaya 60 na dodoso la maji na vyoo. Nilichora ramani. Kisima kimoja kilikuwa bondeni, na vyoo vitatu juu yake, kwenye mteremko. Nikakitia alama nyekundu, nikaandika ripoti, nikapata alama nzuri sana. Ripoti ikabaki chuoni. Nilipita tena kijiji kile miaka sita baadaye, nikamkuta msichana anateka maji pale pale. Hakuna aliyeambiwa. Ramani nilikuwa nayo mimi, kabatini kwangu.

Kwa sababu ya kisima kile tumebadili utaratibu mwaka huu. Wiki ya nane hakuna kukusanya kitu. Mtaitisha mkutano, mtasoma mlichokiona kwa lugha inayoeleweka pale, mtajibu maswali, na nakala ya ramani itabandikwa kwenye ukuta wa zahanati. Mhudumu wa jamii atatia sahihi kwamba ameipokea na ameielewa. Ripoti isiyo na sahihi hiyo sitaisahihisha. Fomu ziko hapa mezani, chukueni mbili mbili.