Sudan: Wanaojenga Kabla Risasi Hazijanyamaza

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunialika. Leo ni Sudan, na nitakaa zaidi kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo sisi tulio mbali huharibu.

Vita kati ya jeshi na RSF, kikosi cha wanamgambo kinachopigana nalo, vilizuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023. Katika siku za mwanzo tu, kituo cha kusafisha maji cha Bahri, mji ulio kaskazini mwa Khartoum, kilisimama na mashirika ya kigeni yakawahamisha watu wake. Mitaani walibaki majirani. Bahati nzuri wengi walishazoeana katika kamati za upinzani, zilizosukuma maandamano hadi Omar al-Bashir akang'oka mwaka 2019. Walijua nani daktari, nani fundi umeme, mzee gani anaishi peke yake. Humo ndimo vilimozaliwa Vyumba vya Dharura, vikundi vya kujitolea vya mitaani vinavyopika chakula na kugawa maji.

Chukueni jiko la mtaa. Noti ni adimu, kwa hiyo ndugu aliye ughaibuni hutuma mchango kwa Bankak, programu ya simu ya Benki ya Khartoum. Mshika akaunti humlipa mwenye duka kwa simu hiyohiyo, dengu zinapakuliwa, risiti inapigwa picha na kurushwa kwenye kundi ili wachangiaji waione. Februari 2024 mawasiliano yalipokatika karibu nchi nzima, majiko yalizimika hata pale sokoni palipokuwa na chakula: malipo hayakupita. Watu wakahamia kwenye vifaa vya Starlink, vya intaneti ya setilaiti, wakitozwa kwa muda wanaotumia.

Maji nayo yana kisa chake. Jeshi lilipoitwaa tena Khartoum Machi 2025, waliorejea walikuta nyaya zimeng'olewa kwa ajili ya shaba. Mei droni zikapiga vituo vya umeme Omdurman, pampu zikafa, kipindupindu kikapamba moto. Ndiyo maana mitaa inachangia visima vya paneli za jua. Kusubiri gridi itengemae ni kuendelea kunywa maji machafu.

Sasa niwaudhi kidogo wafadhili mlio humu. Mmewapa sifa vijana wa Vyumba vya Dharura, na Tuzo ya Rafto ya mwaka 2025, tuzo ya haki za binadamu ya Norway, waliistahili. Lakini Marekani iliposimamisha misaada mwanzoni mwa mwaka huohuo, mamia ya majiko yalifungwa, kwa kuwa mlango wa fedha ulikuwa mmoja. Tena mnadai orodha za majina kwa ajili ya ukaguzi. Pande zote mbili zimewakamata vijana hawa, kila upande ukiwashuku kuwa wa adui. Orodha hiyo ikivuja, mtu anaishia kizuizini kwa kosa la kupika.

Pendekezo langu ni dogo. Awamu ya kwanza ya fedha itolewe kwa risiti ya duka na picha ya kisima; majina yabaki mtaani, kwa wanaowajua. Na mikataba mikubwa ya mabomba itakapofika, kamati ya mtaa iitwe kabla ya mkandarasi, maana ndiyo iliyokuwa ikigawa maji nyumba kwa nyumba muda wote huu.

Karibuni kwa maswali.