Betri Husingiziwa: Mhadhara kwa Wenye Mashua, Ufuo wa Dunga, Kisumu

Hamjambo wazee wangu, akina mama wa omena, na nyinyi vijana mlioegemea mashua kule nyuma. Sogeeni karibu. Upepo wa ziwa umeshaanza kuingia, nami sitaki kupiga kelele kama makanga wa Kondele.

Nimeombwa nizungumzie betri. Nitazungumzia zaidi waya, na sababu yake nitaianza kwa aibu yangu mwenyewe.

Mashua yangu ya kwanza ya tanga ilikuwa na taa moja juu ya mlingoti. Taa ile ilikuwa hafifu, na kila mashua ikilala upande kwa upepo, inapepesa. Nikasema betri imekufa. Nikanunua nyingine. Hali ileile. Nikaenda kugombana na muuzaji, maskini, akanibadilishia. Ya tatu nayo hivyohivyo. Siku moja nachota maji ya ngama, yale yanayotuama chini kabisa ya mashua, nikainua ubao, nikakuta kiungo: nyaya mbili zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi, tepu imelegea, shaba imegeuka kijani. Mashua ikilala, maji ya ngama yanakiogesha. Nikakata, nikabana upya. Usiku ule taa iliwaka hadi jirani akauliza nimenunua nini.

Betri tatu zilisingiziwa kosa la kiungo kirefu kama kidole. Na fundi aliyesokota waya ule, msinitafutie mchawi, ni mimi.

Watu wa Pwani husema, enda tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya chombo, marejeo ni ngamani. Umeme nao ndivyo ulivyo. Unatoka kwenye betri kwa waya mwekundu, unapanda mlingotini, unawasha taa, halafu lazima urudi kwa waya mweusi. Safari ni mbili. Mtu akipima mita sita kutoka betri hadi taa, ananunua waya kwa hesabu ya mita sita, kumbe umeme unatembea kumi na mbili.

Hesabu hiyo tuifanye, kwa sababu hapa ndipo pesa zenu zinapopotelea. Waya wa shaba wa milimita moja na nusu za mraba, ule wa taa za nyumbani, una ukinzani, yaani jinsi unavyoupinga umeme, wa omu 12 hivi kwa kilomita. Mita 12 zinatupa omu 0.144. Taa kubwa inayovuta umeme wa ampea 5, zidisha kwa hizo omu, itapoteza volti 0.72 njiani. Betri ina 12.5, taa inapata chini ya 11.8. Mnaiona hafifu, mnailaani betri. Weka waya wa milimita 4 za mraba, umbali uleule, unapoteza volti 0.28 tu. Na hiyo ni shaba nzima. Kiungo chenye kutu hakimo katika hesabu.

Kwa hiyo nunueni mita, kile kifaa cha kupimia volti, kabla ya betri. Washa taa, kwa sababu waya usiobeba mzigo hausemi ukweli. Mguu mmoja wa mita uweke kwenye chanya ya betri, wa pili kwenye chanya ya taa. Mita ikisoma nusu volti, hiyo nusu imeliwa na waya mwekundu au na viungo vyake. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa hasi. Huu wa pili ndio watu wanaousahau, na ndio ninaoukuta mbovu mara nyingi. Mweusi hauheshimiwi.

Sasa betri yenyewe. Hii ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Reli ilifika hapa Kisumu 1901, kwa hiyo betri ni mkubwa wake kwa zaidi ya miaka arobaini, na tabia zake si siri. Ikishachajiwa ikapumzika saa kadhaa, inasoma volti 12.7 hivi. Ikifika 12.2 iko nusu. Ikifika 11.9 imekwisha, hata kama taa bado inawaka. Usiitumie kupita nusu ukitaka ikae. Ukiiacha tupu siku nyingi, sulfeti, ukoko wa chumvi ya risasi, inagandamana kwenye sahani zake, na hapo hakuna chaja itakayoirudisha ilivyokuwa.

Wanaovua omena kwa taa, sikilizeni. Taa tatu za wati 10 ni wati 30. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 2.5. Kwa saa kumi za usiku ni ampea-saa 25. Betri iliyoandikwa 50 umeshaila nusu, na hujachaji simu hata moja. Na betri ya kuwashia gari si ya kazi hii. Imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, si kukesha.

Lithiamu? Ni nzuri na ni nyepesi. Lakini volti zake hazishuki mpaka karibu ziishe, kwa hiyo zile namba nilizowapa hazitawasaidia, na chaja iwe inayokubaliana nayo. Tuendelee.

Betri iwekwe chini, katikati, ifungwe kwa mkanda. Uzito wake ukusaidie kama farumi, ule mzigo wa kutuliza chombo, lakini isilale ngamani. Sanduku liwe na tundu juu, maana ikichajiwa inatoa hidrojeni, hewa nyepesi inayopanda na kulipuka kwa cheche moja. Mtungi wa petroli ukae mbali. Na sigara, baba, naona unaificha, kaa nayo huko huko.

Fyuzi iwe kwenye waya mwekundu, isizidi shubiri moja kutoka kwenye betri. Fyuzi hailindi taa, inalinda waya. Ukiiweka kule kwenye taa, waya ukichubuka katikati hakuna kitakachouzuia kuwaka, na uko kwenye mbao, katikati ya ziwa. Volti 12 hazikurushi, kweli. Lakini spana ikigusa chanya na hasi kwa pamoja, ampea mamia zinapita. Vueni pete. Na atakayeweka msumari badala ya fyuzi asiniite fundi wake.

Waya mgumu wa ukutani uacheni ukutani. Mashua inatikisika, shaba moja nene inakatika ndani ya plastiki bila kuonekana. Tumieni wa nyuzi nyingi, na ukipata uliopakwa bati ni bora. Ziwa letu ni maji matamu, tuna nafuu kuliko wenzetu wa Lamu, lakini unyevu unapanda ndani ya plastiki vilevile. Kiungo kibanwe kwa koleo lake, kifunikwe kwa mpira unaojibana ukipashwa moto, na kipite juu ya ngama.

Radi za jioni, hizo fyuzi haizijui. Wingu likijikusanya, teremsheni tanga mrudi.

Kuna swali hapa: betri kuukuu iunganishwe na mpya? Hapana, mama. Kuukuu itainywa mpya usiku kucha, asubuhi una wagonjwa wawili. Zitenganishe kwa swichi, moja ya taa, moja ya akiba.

Mwingine anasema betri yake ya mwezi jana imekufa. Iko kwenye mashua? Ile ya buluu? Basi tusiihukumu tukiwa hapa. Kijana, shika hiyo mita, na wewe mzee tangulia ukainue mbao.