Mtoto Asitumwe Kuomba Hela ya Jezi

Ndugu zangu wazazi, walimu wetu, wajumbe wa kamati, wakubwa shikamooni, wenzangu habari za mchana. Wengi mmeshanisikia nikilisema jambo hili la michango ya shule, na mwenyekiti amenipa dakika kumi akijua hazinitoshi. Basi naanzia katikati.

Sijaja kusema michango ife. Waraka Namba 5 wa 2015, ule wa serikali wa elimu bila ada, mnaujua, ada ilivyoondoka Januari 2016 mnakumbuka, na katazo la Rais Magufuli la Januari 2018 kuhusu michango shuleni mnalikumbuka pia. Ruzuku ya serikali kwa mtoto wa shule ya msingi iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo za kwenda shuleni, nyingine ni za vitabu. Pigeni hesabu. Shule ya watoto 800 ni shilingi 400,000 kwa mwezi. Toa chaki, toa karatasi za mitihani, toa kitasa kilichovunjika. Jezi zitoke wapi? Mpira utoke wapi? Mwalimu mkuu usiniangalie hivyo, hapo mimi na wewe tuko pamoja.

Ninachokikataa ni kimoja: kumkabidhi mtoto fomu na kumtuma akaombe.

Mwaka juzi kijana wangu, darasa la nne, alipewa fomu ya jezi. Shule siitaji. Karatasi ya fotokopi, mistari ishirini: jina, kiasi, sahihi. Ijae kabla ya Ijumaa. Wiki ile nilikuwa zamu ya usiku, sikuiona. Mtoto akauzunguka mtaa peke yake. Akaanza kwa fundi cherehani, 500. Muuza mkaa akatoa 200 na kusaini kwa kidole, doa jeusi liko mpaka leo. Mama wa vitumbua hela hakuwa nayo, akampa vitumbua viwili, akamwambia niandike tu mwanangu. Akamwandika, na kwenye kiasi akaweka "vitumbua 2". Kisha, saa moja jioni, akaingia baa. Mtoto wa miaka tisa na fomu yenye mhuri wa shule mkononi! Kuna mtu mzima, baba wa watu, akamwambia imba kwanza. Akaimba. Akapewa 1,000.

Jioni ile nzima hakunisimulia. Nilikuja kuambiwa na jirani.

Ijumaa mistari minane tu ndiyo iliyokuwa imejaa. Waliomaliza fomu wakapigiwa makofi mstarini. Ambao hawakumaliza wakasimamishwa upande wa pili, na mwanangu akiwemo, mpaka kengele ya kipindi ikalia.

Ataniambia mtu: mama, hiyo inamfundisha mtoto kujitegemea. Hapana! Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alizungumzia shamba la shule, alizungumzia mtoto kushika jembe na kuyaona mazao yake. Sisi tulilima mchicha, tukauuza, na hesabu ikasomwa mbele yetu. Hatukupita milangoni kwa watu na karatasi. Kulima na kuomba si kitu kimoja, na ninawaomba walimu wasivichanganye tena.

Mwingine atasema wazazi mkiitwa mkutanoni hamji. Ni kweli, hatuji, na hilo ni kosa letu. Lakini kwetu Upare mbiu ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ilipolia aliyeitwa ni mtu mzima, aje na jembe lake. Asiyekwenda alifuatwa yeye, mtoto wake hakuguswa. Na hapa mjini, michango ya harusi tunaikusanyaje? Kuna kamati, kuna mweka hazina, kuna simu za saa nne usiku kumkumbusha aliyeahidi. Bibi harusi hatumwi kupita nyumba kwa nyumba. Kumbe utaratibu tunaujua vizuri kabisa!

Nilitaka niseme ya mahafali, na nauli za UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, na zile hela za mitihani ya majaribio. Mwenyekiti ameshanionyesha saa, naona. Niseme ninachoomba basi. Kamati ikae, iulize bei ya seti ya jezi maduka mawili matatu, itangaze kiasi kinachopungua. Mzazi aambiwe kama mzazi. Mwenye nacho atoe, apewe risiti, asiye nacho aachwe. Hesabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na jina la mtoto lisionekane popote karibu na hela hizo. Mtoto wa aliyetoa na wa ambaye hakutoa wacheze mpira ule ule.

Fomu yenyewe ninayo, sikuirudisha. Naipitisha, kila mmoja aishike. Mstari wa nane mtaona jina la mwanangu mwenyewe na shilingi 300, hela yake ya kashata. Mstari wa saba hauna jina wala sahihi, kuna 1,000 tu. Huyo ndiye aliyemwimbisha.