Barua ya Mwalimu Ndiyo Inayotuangusha
(Mhadhara kwa walimu, wazazi na wanafunzi wa kidato cha tano na sita, Moshi)

Mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwaachia wazee viti: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Tangazo la getini linasema nitaeleza namna ya kuomba nafasi MIT, kile chuo kikuu cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani. Nitaeleza. Ila kwanza nina kesi na walimu, na walionisikia Arusha wanaijua, wavumilie tu.

Chuo kile kinataka barua mbili za walimu za kumpendekeza mwombaji. Moja ya mwalimu wa hisabati au sayansi, nyingine ya mwalimu wa lugha au masomo ya jamii. Mwanafunzi wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, hapo anaanza kuhangaika, kwa sababu kidato cha sita hana tena somo kuu la lugha wala la jamii. Basi arudi kwa mwalimu wake wa Kiingereza wa kidato cha nne, si kosa. Kosa ni kile kinachoandikwa.

Nimesoma barua hizi nyingi, walimu wananiletea niwasahihishie Kiingereza. Zote zimezaliwa na mama mmoja: "Ni mtiifu, msafi, anaheshimu walimu, hana kesi ya nidhamu." Jamani! Huyo mnamwombea kazi ya kulinda benki? Anayezisoma barua hizi kule Massachusetts ana maelfu ya waombaji, na wote ni wasafi.

Mwalimu mmoja wa fizikia aliniletea barua ya mistari mitatu. Nikamuuliza, huyu kijana ni yupi? Akacheka. "Huyu? Msumbufu huyu!" Akaanza kusimulia. Siku moja darasani walikuwa na betri tatu za tochi, volti 1.5 kila moja. Kitabu kinasema 4.5. Wakawasha balbu, maltimita ya shule ikasoma 3.9. Mwalimu akasema kifaa kibovu, tuendelee. Kijana akakataa kuendelea: hizo volti 0.6 zimekwenda wapi? Kesho yake akaja na betri kuukuu alizookota kwa fundi redio, akazipima moja moja, bila balbu kisha na balbu, akajaza jedwali nyuma ya daftari la Kemia. Kakutana na ukinzani wa ndani wa betri, ule unaokula volti betri inapotoa umeme, kabla hajafundishwa.

Nikamwambia, mwalimu, si ndiyo hiyo uiandike? Akanijibu, "Ile? Ule si utundu tu?"

Basi ndiyo ugonjwa wetu huo. Kinachotafutwa na chuo cha uhandisi, sisi tunakiita utundu na tunakichapia viboko.

Najua kuna anayetaka kuuliza kama alichukuliwa. MIT hakuchukuliwa. Msicheke. Miaka hii ya karibuni wanaomba zaidi ya watu 25,000, wanaopata hawafiki watano kwa mia, na sisi wa nje ya Marekani nafasi yetu ni finyu zaidi. Barua nzuri haikupi nafasi, ila mbaya inaweza kukunyima. Kijana sasa anasoma uhandisi wa umeme Dar es Salaam, na mwalimu wake siku hizi anaandika kurasa mbili.

Kuna wabaya kuliko wa mistari mitatu: wanaosema "andika mwenyewe nitagonga muhuri." Barua inatoka kwa mwalimu kwenda chuoni moja kwa moja. Ukimpa mtoto nywila ya barua pepe yako, insha na barua zitaongea kwa sauti moja, na hiyo ni udanganyifu, mwenzangu, hakuna jina lingine.

Mzazi atasema watoto wa wenzetu wana maabara za roboti. Sawa. Wewe una mfongo, mfereji wa kumwagilia shamba. Mifongo ya mlima huu ilichimbwa kabla Mjerumani hajafika. Kijana wa Uru aliyejiuliza kwa nini maji yanayoingia juu hayafiki yote kwenye migomba ya chini, akapima kwa ndoo na saa ya simu, ana la kuandika. Insha zao ni fupi, hazitaki mapambio.

Naona mkuu anaangalia saa. Haraka haraka basi. Fomu iko kwenye tovuti yao wenyewe. SAT, ule mtihani wa Kimarekani wa kuombea chuo, waliirudisha mwaka 2022, haikwepeki. Tovuti ya Khan Academy inaufundisha bure. Ada ya maombi ni dola 75, na asiye nayo anaomba asamehewe. Mwisho ni Novemba 1 kwa wanaowahi, mapema Januari kwa wengine. Matokeo yenu ya kidato cha sita hutoka Julai, kwa hiyo anayeomba akiwa bado shuleni atatumia ya kidato cha nne na alama za shule. Mwalimu wa taaluma, zitoe hizo alama, usimzungushe mtoto!

Fedha: wanapoamua nani aingie hawaangalii mfuko wa mzazi, hata kwa mgeni, na akichukuliwa wanafidia pengo lote. Kwa hiyo yule anayezunguka mjini akiuza "nafasi ya MIT" kwa milioni mbili ni mwizi, mwambieni nimesema.

Mahojiano na viza nimeviruka, naambiwa pilau limeiva. Wenye maswali ya SAT nifuateni mezani. Walimu wa kidato cha sita, nyinyi mbaki kidogo, nimekuja na karatasi.